Mkono Ulioshonwa Kano: Ushauri juu ya Banzi, Mazoezi na Subira

Daktari David Livingstone, aliyekaa Kwihara, kando ya mji wa Tabora, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akingojea wapagazi wa safari yake ya mwisho, alikuwa na mkono wa kushoto ambao hakuweza kuuinua vizuri kupita usawa wa bega. Mkono huo uliumwa na simba huko Mabotsa, Afrika ya Kusini, mwaka 1844; mfupa wa juu ukavunjika, wala haukuunga kama inavyopasa, na ni mfupa huo huo uliowawezesha matabibu wa London, maiti yake ilipofikishwa huko mwaka 1874, kuyakinisha pasipo shaka kwamba mwili waliouona ulikuwa wake. Naye alikuwa tabibu kwa elimu. Habari hiyo yatuonya kwamba kupona jeraha si sawa na kupona kiungo: ngozi huweza kufumba, maumivu yakaisha, jamaa wakaja kutoa pongezi, ilhali kiungo chenyewe kimebaki cha kubebwa tu mpaka siku ya kufa.

Muradi wa makala haya ni jeraha jingine, lililo la kawaida zaidi katika nchi yetu kuliko meno ya simba, nalo ni kukatika kwa kano za mkono. Nawaandikia hasa watu wa Puge na vijiji vya wilaya ya Nzega, upande wa kaskazini wa Tabora. Biashara ya zamani iliyopita baina ya Bagamoyo na Ujiji ilichukuliwa na mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 na zaidi. Kilimo cha leo cha pamba, tumbaku, mpunga, mahindi na karanga kinachukuliwa na mikono, na mkulima aliyepoteza mkono mmoja amepoteza zaidi ya nusu ya mtaji wake. Panga huteleza katika kukata kuni, mundu hupotoka katika mavuno, kisu humgeuka mchinjaji, ncha ya bati humchana fundi anayeezeka. Na jeraha linaloonekana dogo kwa nje huenda kwa ndani limekata kamba ambazo bila hizo kidole hakina amri.

Kano ni kamba nyeupe, ngumu, ziunganishazo misuli na mifupa. Misuli yenye nguvu ya kukunja vidole haimo vidoleni, bali imo katika kigasha, baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, na nguvu yake hupelekwa mbali kwa kano hizo. Kila kidole, ghairi ya gumba, kina kano mbili ndefu za kukunja: moja hukoma penye kiungo cha katikati, na ya pili hupenya baina ya matawi ya mwenzake ikafika penye kiungo cha mwisho. Zote mbili hupita ndani ya ala nyembamba yenye majimaji ya kuzilainisha, nayo ala hiyo imezungukwa na pete imara zizuiazo kano zisiinuke mbali na mfupa mtu anapofumba ngumi. Kando yake, karibu sana, hupita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, ndiyo maana mtu aliyekatwa kano aghalabu huwa pia na upande wa kidole uliokufa ganzi.

Basi mtu akikatwa, jambo la kwanza ni kulikandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuuinua mkono juu, si kulipaka majivu, ugoro, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Afikapo zahanati, asiridhike na kushonwa ngozi peke yake. Na aombe kwa adabu apimwe kila kidole, kiungo kwa kiungo, kama chaweza kujikunja na kujinyoosha, aguswe ncha za vidole pande zote mbili kuona kama hisia zipo, na apewe kinga ya pepopunda. Kidole kilichonyooka peke yake wakati wenzake wamejikunja kwa asili mkono unapopumzika ni ushahidi wa kutosha kwamba kuna kano iliyokatika. Hapo pasiwe na kungoja soko lipite wala mahindi yavunwe, kwa kuwa kano hupendelea kushonwa katika siku za mwanzo. Yakipita majuma kadhaa msuli huwa umeivuta ncha yake ikarudi mbali, ala ikasinyaa, na kazi iliyokuwa ya upasuaji mmoja ikageuka kuwa ya kupandikiza kano iliyotolewa mahali pengine. Waulizeni waganga wa hospitali ya Ndala au ya Nzega kama kazi hiyo yafanyika kwao, au kama mgonjwa apelekwe hospitali ya Kitete mjini Tabora, Nkinga katika wilaya ya Igunga, au Bugando ya Mwanza. Na swali la pili, lisilosahauliwa, liwe kama huko kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana mshonaji bila mtaalamu huyo amefanya nusu ya kazi.

Neno hilo la nusu ya kazi halikujulikana siku zote. Galen, tabibu mkubwa wa zama za Warumi, alihadharisha watu wasishone kano, kwa kuwa hakuzipambanua sawasawa na mishipa ya fahamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anahesabiwa miongoni mwa wa kwanza waliotoa shauri la kuzishona. Hata katika karne ya ishirini Sterling Bunnell wa San Francisco, bingwa wa mikono wa wakati wake, aliliogopa eneo lianzialo penye mkunjo wa kiganja na kuishia karibu na kiungo cha katikati cha kidole, akaona heri ngozi ifungwe kwanza na kano ipandikizwe baadaye, kwa kuwa kano zilizoshonwa humo zilikuwa zikigandamana. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walitangaza matokeo mema waliyoyapata kwa kuzishona papo hapo na kuvifunga vidole mpira uvivutao kukunjika, huku mgonjwa akivinyoosha mwenyewe ndani ya banzi. Mwaka 1975 Duran na Houser wakaeleza njia ya kukisogeza kidole kilichoshonwa kwa msaada wa mkono mzima; na mwaka 1989 matabibu wa Belfast wakachapisha njia ya kumwachia mgonjwa akikunje kidole kwa nguvu yake mwenyewe, kwa kipimo, tangu siku za mwanzo. Yaani ilichukua miaka mingi kwa wenye elimu kukubali jambo ambalo mgonjwa wa leo hutakiwa kulikubali kwa siku tatu: kwamba kidole kilichoshonwa jana hakina budi kuanza kusogea kesho kutwa.

Sababu yake ni hii. Jeraha haliwezi kupambanua kano na ala yake. Linapopona, huunga kila kilichoguswa, na kovu linaloshika ncha mbili za kano ndilo hilo hilo linaloishika kano na kuta za ala. Kisu kilichorudishwa alani kikiwa na damu, kikaachwa humo mwezi mzima, hakitoki tena ila kwa kuivunja ala. Na kano iliyofungwa isisogee kwa muda huo hufanya vivyo hivyo. Isogeapo hata kidogo, kila siku, kovu la pembeni hulazimika kuwa laini na refu, majimaji ya ala huifikia kano na kuilisha, na penyewe paliposhonwa hupata nguvu upesi zaidi kuliko pale ambapo kano imelala tu. Walakini kuna upande wa pili, nao ni wa hatari sawa: katika siku za mwanzo nyuzi za daktari ndizo peke yake ziishikazo kano, na kabla haijaota nyama mpya ya kutosha, ncha zake hulainika, hivyo majuma matatu ya kwanza ndiyo ya hadhari kuu, hasa siku zile za kati ambapo maumivu yamepungua na mgonjwa ameanza kujidhania mzima. Akiinua ndoo siku hiyo, nyuzi hukatika. Kufunga kabisa ni kuharibu, na kufungua kabisa ni kuharibu. Tiba imo katika kulizuia lile lizuiwalo na kuliruhusu lile liruhusiwalo, kila moja kwa wakati wake.

Kazi ya kuzuia ni ya banzi. Kwa kano za kukunja, banzi huwekwa upande wa mgongo wa mkono, tangu chini ya kiwiko hata kupita ncha za vidole, liwe la plasta ngumu au la plastiki ile ilainishwayo kwa maji ya moto na kufinyangwa kwa umbo la mkono wa mgonjwa mwenyewe. Kifundo cha mkono huwekwa karibu na usawa, au kukunjwa au kuinuliwa kidogo kwa kadiri ya rai ya daktari. Vile vifundo vikubwa vinavyojitokeza mtu afumbapo ngumi hukunjwa baina ya nyuzi 40 na 70. Na viungo viwili vya mbele huachwa vinyooke sawasawa. Umbo hilo, linaloonekana la ajabu kwa asiyelijua, lina hekima mbili: kano hailegei kupita kiasi wala haivutwi kupita kiasi, na kidole kina nafasi ya kujikunja kuelekea kiganjani bila ya kuweza kunyooka nyuma kupita mpaka. Usiku vidole hufungwa taratibu kwenye banzi vikiwa vimenyooka, ili kiungo cha katikati kisizoee kupinda, maana kiungo hicho kikisha kupinda hakirudi kwa urahisi.

Banzi hilo halivuliwi kwa muda wa majuma 6 hivi, ila kwa idhini. Halivuliwi kwa ajili ya kuoga, kwa ajili ya kula kwa mkono wa kuume, kwa ajili ya harusi, wala kwa ajili ya kumpa mkono mgeni wa heshima. Wenyeji wetu ni watu wa taadhima, na mtu mzima akija kukujulia hali huona haya kusalimiwa kwa mkono wa kushoto, lakini yafaa mgonjwa aombe radhi kwa maneno na kuutunza mkono wake kwa vitendo. Likiwa la plasta, lifunikwe kwa mfuko wa plastiki mgonjwa aogapo, maana likilowa hulainika na kuchubua ngozi. Likiwa la plastiki ya kufinyangwa, lisafishwe kwa maji baridi na sabuni, daktari akiwa ameruhusu, wala lisiachwe juani, juu ya bati, au katika kioo cha mbele cha gari, kwa sababu joto la Tabora katika Septemba na Oktoba latosha kulipotosha umbo, na banzi lililopotoka ni baya kuliko kukosa banzi. Likibana, likiumiza mahali pamoja, vidole vikivimba, vikibadilika rangi au kufa ganzi kuliko kwanza, mgonjwa asichukue kisu cha jikoni akalichonga. Na arudi kwa aliyelifanya siku hiyo hiyo.

Kazi ya kuruhusu ni ya mazoezi, nayo aghalabu huanza siku ya tatu hadi ya tano baada ya upasuaji, uvimbe wa kwanza ukisha kupungua. Ameze dawa ya maumivu aliyoandikiwa kiasi cha nusu saa kabla, akae kitako, mkono uegemezwe juu ya meza au mto. Kwanza, kwa mkono ulio mzima, akikunje kila kidole polepole, kiungo cha mwisho, kisha cha katikati, kisha chote kuelekea kiganjani, akiache, kisha akinyooshe kwa nguvu ya kidole chenyewe mpaka kiguse banzi mgongoni mwake. Afanye hivyo mara 10, kila baada ya saa moja au mbili katika saa za kuwa macho. Pili, ikiwa daktari amesema mshono wastahimili, na baada ya kuvilainisha vidole kwa zoezi lile la kwanza, avikunje vidole vyenyewe bila msaada, kwa wepesi, bila kukaza: juma la kwanza robo ya ngumi tu, kisha theluthi, kisha nusu, na ngumi kamili isitafutwe kabla ya juma la nne au la tano. Si kila mshono una nguvu sawa, kwa kuwa idadi ya nyuzi zilizopitishwa ndani ya kano hutofautiana kwa kila mpasuaji. Kwa hiyo palipo na hitilafu baina ya makala haya na neno la daktari aliyeuona mkono wako kwa ndani, neno lake ndilo hukumu.

Mgonjwa asiye na saa ajiwekee alama za mchana: adhana, kengele ya shule, taarifa ya habari ya redio, na saa za kula. Zoezi dogo linalorudiwa mara nyingi lashinda zoezi kubwa la mara moja, maana bandu bandu huisha gogo. Na yule anayelala mchana kutwa kisha jioni akajikaza kufidia, huyo ndiye aliye karibu kukata nyuzi. Kadhalika asisahau bega na kiwiko, ambavyo havina jeraha lakini hukauka kwa kuning'inizwa katika kitambaa: mara kadhaa kwa siku auinue mkono wote juu ya kichwa, ukiwa ndani ya banzi lake, na wakati wa kupumzika auweke juu kuliko moyo ili uvimbe ushuke. Sigara aiache kabisa katika miezi hiyo, hata kama ndugu zake ndio walimao tumbaku, kwa kuwa moshi wake hupunguza damu ifikayo vidoleni, na pasipo damu hapana kupona.

Kuna mambo matatu yaharibuyo mikono mingi, na mawili ya kwanza hutokana na nia njema. La kwanza ni kujijaribu, mtu akibana kitu ili aone kama nguvu zimerudi. La pili ni kukandwa: mzee wa nyumba au fundi wa mifupa akiona kidole kigumu huleta maji ya moto na mafuta, akakivuta mpaka kikatoa mlio, na mlio huo mara nyingine ni wa kano iliyokatika upya. Kukanda kovu kuna siku yake, ngozi ikisha kufunga barabara, kwa vidole laini na mafuta kidogo, kama mtaalamu atakavyoonyesha. Lakini kukivuta kidole nyuma kwa nguvu hakuna siku yake katika majuma haya. La tatu ni moto: kidole kilichokatwa mshipa wa fahamu hakisikii joto la sufuria wala la mafiga, nacho huungua bila mwenyewe kujua.

Baada ya majuma 6 banzi huvuliwa mchana, likabaki kwa usiku na kwa mahali pa msongamano kama sokoni na ndani ya basi. Mkono hurudia kazi nyepesi, kushika kijiko, kufunga vifungo, kushika kikombe kisichojaa. Katika juma la 8 mazoezi ya nguvu ndogo huanza, mathalan kubonyeza kitambaa laini ndani ya maji. Jembe, panga, shoka, mchi wa kinu, ndoo ya lita 20 na usukani wa pikipiki vingoje hata yatimie majuma 12. Kwa mkulima wa Puge hesabu hiyo ina maana kubwa: aliyeshonwa mwanzo wa Novemba, mvua zinapotarajiwa, ajue kwamba jembe halitakuwa lake kabla ya mwisho wa Januari. Afadhali neno hilo lisemwe nyumbani mapema, zamu za kulima zipangwe na ndugu na majirani, na fungu la nauli ya kurudi kliniki litengwe, kuliko mgonjwa kuamka alfajiri moja akiwa peke yake na shamba lililojaa magugu, akaokota jembe kwa aibu.

Wale waliokatwa kano za mgongo wa mkono, zile za kunyoosha vidole, wasiyachukue maelezo haya kama yalivyo, kwa kuwa banzi lao huwekwa upande wa kiganja, kifundo kikiinuliwa juu, na mpango wa mazoezi yao ni mwingine. Aliyeangukiwa na mpira au kitu kizito ncha ya kidole ikainama isiweze kuinuka, hufungwa banzi dogo la ncha peke yake kwa majuma 6 hadi 8, bila kukiacha kiungo hicho kiiname hata mara moja. Kikiinama, hesabu huanza upya. Nao watoto wadogo, wasioweza kufuata maagizo, aghalabu hufungwa plasta ngumu mkono wote kwa majuma matatu au manne, na mikono yao hulainika baadaye kwa michezo yao wenyewe.

Yote haya yangekuwa mepesi kama mtaalamu angekaa mlango wa pili, lakini mgonjwa wa kijijini huenda akamwona mara moja kwa juma, au mara moja kwa mwezi, na siku zilizobaki mtaalamu ni yeye mwenyewe na aliye karibu naye. Kwa hiyo asitoke wodini kabla hajajua mambo manne: ni kano zipi zilizoshonwa, ni mazoezi gani na mara ngapi, banzi ni la mpaka lini, na ampigie nani simu likitokea jambo. Na awepo pamoja naye mke, mume, mama au mtoto anayejua kusoma, aonyeshwe mazoezi kwa macho, ayafanye mbele ya mtaalamu akasahihishwe, na maagizo yaandikwe katika karatasi. Maana mgonjwa mwenye maumivu husikia nusu ya analoambiwa.

Jambo la mwisho ni dalili zisizongojea. Mkono ukivimba na kuwa mwekundu, ukitoa usaha au harufu, homa ikipanda, mgonjwa aende hospitali usiku huo. Na ikiwa, katika zoezi au katika kuteleza, amesikia kitu kimeachia ghafula na kidole kilichokuwa kikijikunja jana leo hakijikunji, asikae akidhani kimechoka. Kano imekatika, na ikishikwa ndani ya siku chache yaweza kushonwa tena. Kidole kikibaki kigumu baada ya kuyatimiza mazoezi yote kwa uaminifu, bado kuna upasuaji wa kuikomboa kano katika kovu, ambao hufanywa baada ya miezi kadhaa, lakini nao hufuatwa na mazoezi hayo hayo. Ndugu yangu, daktari hushona kwa saa moja au mbili. Majuma 12 yaliyobaki ni ya kwako na ya nyumba yako. Yatumieni vizuri, na msione haya kurudi kuuliza.